Kisangani kwa Miguu: Kuta za Stanleyville na Majina ya Waswahili

Katika miji mingi ya Ulaya, mgeni anayetaka kuujua mji hupewa ramani ndogo, akaanzia kwenye kanisa kuu, akapita uwanja wa soko, akaonyeshwa nyumba ya tajiri fulani wa zamani, na mwishowe akafika mtoni. Kila ukuta una tarehe yake, na mtembeaji hurudi hotelini akiamini kwamba ameisoma historia ya mji huo kwa miguu yake. Desturi hii imekwisha kufika Afrika Mashariki: Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hutembezwa wageni kwa namna hiyohiyo. Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni hili: mtu akitembezwa hivyo katika kitovu cha Kisangani atasoma nini, na ni kitu gani kitakachompita bila ya yeye kutambua?

Swali hili si la watalii peke yao. Kitovu cha Kisangani, ambacho leo kimo katika komini ya Makiso, kilipangwa na Wabelgiji kuwa mji wa Wazungu: barabara zilizonyooka, miti kando ya mto, kanisa kuu, posta, mabenki, mahoteli, na majengo ya ghorofa ya miaka ya 1950. Waafrika walitengewa makazi yao pembeni. Anayezisoma kuta peke yake, basi, atasoma habari za Stanleyville tu, na Stanleyville ni jina lililofutwa mwaka 1966. Waliouita mji huu Kisangani hawaonekani katika kuta hizo. Alama yao imo katika majina na katika vinywa vya watu. Wala alama hiyo si ya kujivunia bila ya kusita, kwa kuwa Kiswahili kilifika hapa pamoja na pembe za ndovu, bunduki na minyororo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeutembea mji huu hawezi kuichukua lugha akaiacha minyororo.

Matembezi yafaa yaanzie kwenye maji, si kwenye kanisa. Mto Kongo, ambao katika sehemu zake za juu huitwa Lualaba, huteremka kwa maporomoko saba kuanzia Ubundu hadi Kisangani, masafa yapatayo kilomita 100. Poromoko la mwisho liko upande wa mashariki wa mji. Baada ya hapo meli huweza kushuka hadi Kinshasa, kilomita 1,700 hivi, bila ya kizuizi. Sababu ya kuwapo kwa mji ni hiyo: meli zitokazo magharibi hukomea hapa, na mizigo itokayo mashariki ni lazima ishushwe hapa. Mji umezaliwa na kikwazo.

Kwenye poromoko hilo la mwisho wanaishi Waenya, ambao ramani na vitabu vya Kifaransa huwaita Wagenia. Hawa hushindilia magogo katika matundu ya miamba, wakayafunga kwa kamba za porini hadi yakawa mfano wa jukwaa juu ya maji yaendayo kasi, kisha wakaning'iniza humo vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli. Samaki husukumwa na nguvu ya maji, akajikuta ndani ya kikapu asiweze kurudi. Mvuvi wa pwani ataulinganisha mtego huu na dema. Lakini dema hukaa katika maji matulivu kungoja samaki aingie kwa hiari yake, ilhali huku maji yenyewe ndiyo yanayofanya kazi.

Mgeni hupiga picha za vikapu, akaliandika jina Wagenia katika daftari lake, akaondoka. Hashuku kwamba jina lenyewe ni nusu Kiswahili. Kiambishi wa- ni cha ngeli ya watu. Wazungu walilipokea jina la watu hawa kutoka kwa wakalimani na wapagazi waliosema Kiswahili, wakaliandika pamoja na kiambishi chake, kisha wasemaji wa Kifaransa wakaliongezea mbele alama yao ya wingi. Asemaye les Wagenia ametaja wingi mara mbili. Kosa hili dogo la sarufi limehifadhi habari kubwa, kwamba wageni wa Ulaya walipofika katika maporomoko haya waliwasikia wenyeji kwa masikio ya Waswahili.

Masikio hayo yalikuwa na wenyewe. Stanley alipita hapa Januari 1877, akiwa na msafara ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874. Waliobeba mashua yake, Lady Alice, vipande vipande ili kuyakwepa maporomoko, wengi wao walikuwa watu wa Unguja na wa mrima. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikuwa amewasindikiza sehemu ya njia, akaachana nao Desemba 1876. Maporomoko yakapewa jina la Stanley, na jina hilo likadumu hadi wakati wa utawala wa Mobutu. Majina ya waliobeba mashua hayakutiwa katika ramani.

Kutoka hapo mtembeaji hufuata ukingo wa mto kuelekea magharibi. Akigeuza uso majini ataona visiwa, na juu ya kimojawapo ndipo Stanley, aliporudi Desemba 1883 akiwa sasa mtumishi wa Leopold II, alipoweka kituo na kumwachia mhandisi mmoja Mskoti akilinde. Kwa maelezo yanayorudiwa sana, kisiwa ndicho pia asili ya jina la mji. Wenyeji walipaita mahali hapa Boyoma. Wasemaji wa Kiswahili wakasema Kisangani, wakilichukua neno la hapa lenye maana ya kisiwa na kulitilia kiambishi cha mahali -ni. Wasafiri wa Kizungu wa miaka ya 1880 waliandika pia Singatini, jina la makazi ya watu wa Tippu Tip, nalo lina mwisho uleule. Msomaji wa pwani, ambaye kwake kisanga ni mkasa au balaa, huenda akacheka na kusema kuwa jina limeufaa mji. Maelezo hayo ya asili ya neno hayana mashiko, lakini mji wenyewe haujajitahidi sana kuyakanusha.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni kile kiambishi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kwa jumla, -ni ya mahali imefifia. Watu aghalabu husema ku soko na mu nyumba, pale ambapo mtu wa Unguja angesema sokoni na nyumbani. Jina la mji, basi, limehifadhi umbo la pwani ambalo wakazi wake wamekwisha kuliacha katika mazungumzo yao ya kila siku. Wataalamu wa mambo ya kale hufukua vigae. Mwanaisimu hapa hana haja ya jembe, kwa sababu kigae chake kimeandikwa juu ya kila basi na kila gunia la mzigo.

Kituo cha kisiwani hakikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Tippu Tip na watu wake walikuwa wamefika kukaa jirani nacho, na Agosti 1886 vita vilizuka baina ya pande mbili. Chanzo cha karibu kilikuwa mwanamke, mtumwa wa mmoja wa wakubwa wa Kiarabu, aliyekimbilia kituoni. Ofisa Mwingereza aliyekuwa na amri, Walter Deane, alikataa kumrudisha. Baada ya siku kadhaa za mapigano risasi zikawaishia walinzi, kituo kikachomwa, na Deane akaponea msituni. Katika masimulizi ya kisa hiki Deane ana jina, nao wakubwa wa Kiarabu wana majina, lakini mwanamke ambaye kwa ajili yake mji ulibadilisha mikono hatajwi ila kwa hali yake ya utumwa. Kama matembezi haya yangekuwa na kituo kimoja tu cha kusimama kimya, kingekuwa hapa, mbele ya kisiwa.

Yaliyofuata ni katika mambo ya ajabu ya ukoloni. Leopold hakuwa na nguvu ya kukirudisha kituo. Februari 1887, huko Unguja, Stanley alitia mkataba na Tippu Tip kwa niaba ya mfalme huyo: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls, apeperushe bendera ya Dola Huru ya Kongo, azuie biashara ya watumwa kwenye maporomoko na chini yake, naye alipwe paundi 30 kwa mwezi. Mtu mwenye watumwa wengi kuliko wote katika nchi hiyo akalipwa mshahara wa kuukomesha utumwa. Haifai kumcheka yeye peke yake. Aliyemwajiri alijua vyema anamwajiri nani.

Mji wa kwanza wa Kisangani, kwa hiyo, haukuwa wa Kizungu. Ulikuwa mji wa waungwana na wafuasi wao, wa mashamba ya mpunga, wa mateka waliotekwa vijijini, wa Kiswahili. Kutokana na hao waungwana, au Wangwana kama walivyoitwa bara, lugha ikapata jina lake la Kingwana. Tippu Tip aliondoka mwaka 1890 asirudi tena, akamwachia mahali pake mpwa wake Rashid. Vita vya Dola ya Leopold dhidi ya Waarabu vilianza mwaka 1892, na Mei 1893 maporomoko yakaangukia mikononi mwa majeshi ya Dola. Tippu Tip alifia Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ya Shangani ingali imesimama, na wapita njia huonyeshwa. Maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni miongoni mwa habari za kwanza za maisha ya mtu zilizotungwa na mwenyewe katika lugha hii. Unguja kumebaki ukuta. Kisangani kumebaki lugha. Ni vigumu kusema ni kipi kati ya viwili hivyo kinachoshitaki zaidi.

Katika msimu huohuo wa mabadiliko, Septemba 1890, meli ndogo iitwayo Roi des Belges ilitia nanga hapa, na ndani yake alikuwamo baharia aliyekuja kujulikana kwa jina la Joseph Conrad. Kitabu chake cha mwaka 1899 kinaupeleka mto huu hadi kwenye kituo cha mwisho, lakini ndani yake Waswahili ni kama hawamo, ingawa alipofika walikuwa bado ndio wenye nguvu. V. S. Naipaul naye, katika riwaya ya mwaka 1979, ameusawiri mji huu bila ya kuutaja. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani waujuao mji huu wameujua kupitia vitabu viwili visivyolitamka jina lake.

Ukingo wa mto humfikisha mtembeaji kwenye kanisa kuu la Mama wa Rozari, lililoelekea maji. Hapa ndipo mwongozaji wa kawaida angeanzia. Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Gabriel Grison, walifika mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Saint-Gabriel nje ya mji siku ya Noeli ya mwaka huohuo, miaka minne tu baada ya bendera kubadilika. Chini zaidi mtoni, huko Yakusu, Wabaptisti wa Kiingereza walikuwa wameingia katika lugha ya Kilokele. Mmoja wao, John Carrington, aliyechapisha mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma za kusemea, baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha hapahapa Kisangani. Jambo la ngoma lingestahili makala yake. Itoshe kusema kwamba kabla ya posta habari zilikwenda mtoni kwa milio miwili, wa juu na wa chini, nazo zilifika upesi kuliko barua.

Mbele kidogo ni bandari. Kama maporomoko yalileta Kiswahili kutoka mashariki, bandari ilileta Kilingala kutoka magharibi. Kilipanda mto pamoja na mabaharia, wachuuzi na askari wa Force Publique, jeshi la mkoloni lililokitumia kama lugha ya amri. Kisangani ni mahali ambapo lugha mbili kubwa za njia zimekutana na kukaa pamoja. Baiskeli zilizobeba abiria mjini kwa miaka mingi, kabla ya pikipiki kuzisukuma pembeni, ziliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Abiria wa toleka aliweza kuafikiana nauli kwa Kilingala, akahesabu fedha kwa Kifaransa, akamsalimu jirani kwa Kiswahili, asione kwamba amefanya lolote la ajabu. Mwanaisimu Nico Nassenstein, katika maelezo yake ya Kiswahili cha Kisangani yaliyochapishwa mwaka 2015, ameonyesha jinsi msemaji wa mji huu anavyochagua maumbo kulingana na mahali na mtu. Walio pwani huyaita hayo kuchanganya. Yafaa waulizwe Kiswahili chao wenyewe kilitokana na nini.

Kutoka bandarini barabara huingia ndani kuelekea posta. Jengo la posta si zuri kuliko mengine, lakini ni shida kulipita bila ya kusimama. Patrice Lumumba alifika Stanleyville mwaka 1944 akiwa kijana asiye na cheo, akapata kazi ya ukarani katika idara ya posta, na akaishi hapa, isipokuwa vipindi vichache, hadi alipokamatwa mwaka 1956 kwa mashitaka ya fedha za posta. Aliongoza vyama vya makarani, aliandika katika magazeti, alisoma usiku. Mchana alikaa katika mji wa Wazungu akiwahudumia. Jioni alivuka kurudi kwenye makazi ya Waafrika.

Kuvuka huko ndiko kunakopaswa kutembewa, na ramani ya mgeni haikuonyeshi. Makazi ya Waafrika yalikuwa na utawala wake, na majina yake yalikuwa kama mzaha: Belge I, Belge II, Bruxelles. Mitaa ilipewa nambari badala ya majina, na mpaka leo wakazi wa komini kadhaa huelekezana kwa nambari za njia panda. Mwaka 1952 na 1953 watafiti watatu, Pierre Clément, Nelly Xydias na Valdo Pons, waliishi mjini wakichunguza maisha ya makazi hayo, na Pons akayaandika kwa kirefu, nyumba kwa nyumba, maisha ya mtaa ulioitwa Avenyu 21. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Karani wa posta Lumumba alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Clément katika kazi hiyo. Kwa hiyo habari bora tulizo nazo za mji wa Waafrika wa wakati ule zimepitia, kwa sehemu fulani, katika macho ya mtu ambaye miaka minane baadaye angekuwa waziri mkuu. Avenyu 21 haina kanisa kuu wala sanamu, na matofali yake hayana thamani kwa mpiga picha. Lakini imeandikwa vizuri kuliko boulevard yoyote ya kitovu.

Alirudi mjini mwishoni mwa Oktoba 1959, sasa akiwa kiongozi wa MNC, kwa mkutano wa chama. Tarehe 30 polisi na wananchi walipambana, watu wengi wakauawa, na yeye akakamatwa. Alitolewa gerezani Januari 1960 ili ahudhurie mazungumzo ya Bruxelles, ile Bruxelles ya kweli. Baada ya kupinduliwa kwake, Antoine Gizenga aliiweka hapa serikali iliyojiita halali, kuanzia Desemba 1960. Juni 2022, jino lililosalia la Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji, jeneza lake lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo.

Mitaa michache kutoka posta ndiyo iliyobeba mwaka 1964. Agosti mwaka ule mji ulitwaliwa na wapiganaji waliojiita Simba. Jina ni la Kiswahili, na kilio chao, mai Mulele, kilikuwa na neno ambalo Kilingala na Kiswahili cha Kongo hukaribiana: maji yatakayogeuza risasi kuwa maji. Mbele ya mnara wa Lumumba waliuawa Wakongo wengi, makarani, walimu na maofisa, ambao hesabu yao haikufanywa. Huko Nairobi Jomo Kenyatta, mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alijaribu kupatanisha. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliangushwa na ndege za Marekani katika uwanja wa Simi-Simi. Wazungu waliokuwa wamezuiliwa katika hoteli Victoria walitolewa barabarani, na baadhi yao wakapigwa risasi hapohapo. Hao wana vitabu vingi. Waliouawa na jeshi la serikali na mamluki wake katika majuma yaliyofuata, kwa kudhaniwa kuwa ni Simba, hawana. Mwongozaji anayesimama barabarani hapo akasimulia asubuhi ile moja tu, amesema kweli na amedanganya.

Mtembeaji akiendelea kaskazini, akaliacha soko kuu nyuma yake, atafika kwenye daraja la Mto Tshopo. Hapa Kiswahili kinakutana tena na kivuli chake. Machi 15, 1997 majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kisangani yakitoka mashariki, na Kiswahili ndicho kilichosikika vinywani mwao. Miaka miwili baadaye mji ulikuwa chini ya majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa washirika, la Rwanda na la Uganda. Yalipigana kwa mara ya kwanza Agosti 1999, tena Mei 2000, na kwa mara ya tatu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Daraja hili lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyogombewa, na makombora yalivuka mji juu ya vichwa vya watu ambao vita havikuwahusu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kuthamini hasara ulitaja zaidi ya raia 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa. Wapiganaji wengi wa pande zote mbili waliweza kuzungumza kwa lugha ambayo wakazi waliijua. Lugha iliyokuja na bunduki katika karne ya 19 ilirudi na bunduki mwishoni mwa karne ya 20, na mara zote mbili waliokuwa nayo walisema wanaleta utaratibu.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria, na Februari 9, 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 za Kimarekani, kwa mafungu matano ya dola milioni 65. Fungu la kwanza lililipwa mwaka 2022. Rwanda haikuwa imeikubali mamlaka ya mahakama hiyo, kwa hiyo haikuhukumiwa nayo. Majeruhi wa siku zile sita, wengine wakiwa na magongo, walipanda jahazi la mizigo kushuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao. Safari hiyo imehifadhiwa katika filamu ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, iliyotoka mwaka 2020. Walishuka kwa njia ileile ambayo Kilingala kilipandia.

Katika matembezi ya Ulaya, daraja kama hili lingepewa kibao cha shaba chenye tarehe. Kuna haja ya vibao, hapana shaka, na chuo kikuu, ambacho kimekuwa mjini tangu mwaka 1963, kingeweza kuanza na kazi rahisi zaidi: kukusanya majina ya mahali, mtaa kwa mtaa, pamoja na masimulizi ya wazee juu ya kila jina, kabla ya wazee hao kuondoka. Kazi hiyo ingewafaa wanafunzi wa isimu kuliko zoezi lolote la darasani, nayo haihitaji fedha nyingi. Hasara ya kuchelewa haitaonekana kwa macho, maana jina halibomoki kwa kishindo kama ukuta.

Jua likiinama, mtembeaji hurudi mtoni na kuvuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto. Huko ndiko kuliko stesheni ya reli iliyofika Ponthierville, yaani Ubundu, mwaka 1906, kilomita zipatazo 125, iliyojengwa ili kuyashinda yale maporomoko saba. Kwenye gati mitumbwi huegeshwa ubavu kwa ubavu, na wasafiri waliotoka Ubundu na mizigo yao ya mchele na mihogo huulizwa wanakwenda wapi. Ku Kisangani, hujibu. Katika jibu hilo mahali pametajwa mara mbili: ku ya mbele ni ya Kongo, -ni ya nyuma ni ya pwani, na mpiga kasia aliyelisikia amekwisha kusukuma mtumbwi majini.